Mwaitu Alipokataa Kunioza

Baba Mwende,

Nimeshindwa kungoja Jumapili nije pale kaburini. Lazima nikuambie leo leo, hata viatu sijavua: Mwaitu, mama yako mwenyewe, amekataa kunioza, na amekataa mbele ya umati!

Ngoja nianze vizuri. Unakumbuka lile boma walilokuwa wakijenga kando ya barabara ya Masii, la kuonyesha Wakamba wa zamani walivyoishi? Limefunguliwa. Watoto walinisumbua likizo yote mpaka nikakubali. Kumwalika Mwaitu ndiko nilikoogopa. Tangu tukuzike, mimi na mama yako tulikuwa tunaongea mambo ya kuni na maji tu. Nilidhani anangoja nirudi kwetu Kitale. Kaka yangu naye alikuwa ametuma salamu kwamba nafasi iko, nijibu tu. Basi sikumwalika. Lakini Mwende akamwambia nyanya yake bila kuniuliza, na asubuhi nikamkuta mlangoni, kitambaa kipya kichwani, kikapu chake cha kyondo begani.

Tulifurahi, mume wangu! Nyumba za nyasi, wafanyakazi wamevaa ngozi, na kila kitu unaruhusiwa kushika. Kioko wetu alipuliza moto wa vijiti mpaka macho yakamtoka machozi. Mwaitu alimpokonya msichana mmoja mchi, akatwanga mahindi ya muthokoi huku akicheka. Kucheka, nakwambia! Kicheko chako kabisa, kile kinachoanzia puani. Ilibidi nigeuke nitazame ng'ombe kidogo.

Halafu msichana aliyekuwa akitutembeza akasema tuigize posa ya zamani. Wageni wengine, wafanyakazi wa kiwanda kutoka Athi River, wakawa upande wa bwana harusi. Mimi nikawa bibi harusi, nikafunikwa shuka. Mwaitu akaambiwa ndiye mama yangu mzazi. Nilifikiri atakataa. Akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono.

Wakaleta mbuzi, yaani watoto waliotambaa kwa magoti, Kioko mbele akilia mee! Mwaitu akasema wamekonda. Wakaleta kibuyu cha pombe ya asali. Akaonja, akasema ni maji. Watu wakaangua kicheko, wakaongeza mbuzi. Msichana akamnong'oneza, "Sasa kubali, nyanya, ngoma ianze."

Mwaitu akasimama. Akanishika mkono juu ya ile shuka, akaukaza hasa.

"Huyu haendi," akasema, tena kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nisikie vizuri. "Rudini na mbuzi wenu. Mmoja nimezika. Huyu simtoi."

Watu walipiga makofi wakidhani ni mchezo. Mimi nililia chini ya shuka, kamasi na kila kitu. Mkono hakuuachia. Ngoma ikapigwa ingawa harusi imevunjika, na nilicheza, Baba Mwende! Mimi huyu, uliyesema nacheza kama mtu aliyekanyaga siafu.

Njiani hakutaja jambo hilo hata kidogo. Alisema tu kwamba mvua ya mwezi wa kumi ikikaribia nimsaidie kuchagua mbegu za kunde, maana shamba la chini ni kubwa kwa mtu mmoja. Nikajibu, "Ndiyo, Mwaitu." Sauti yangu ilikuwa kubwa mpaka Mwende akanitazama.

Kaka nitamjibu kesho. Nitamwambia tutakuja kuwasalimia Desemba, mimi, watoto, na mama mkwe wangu akipenda. Kukaa, hapana.

Ah, ungekuwepo. Ungekuwa upande gani wa posa, sijui. Ungecheka mpaka uketi chini.

Pumzika, mpenzi wangu. Sitakuahidi kwamba nimemaliza kulia. Lakini hili nakuahidi: mama yako hatazeeka peke yake, watoto wako watakulia hapa hapa, na mvua ikianguka utatusikia huko chini, tunapanda na kubishana kwa Kikamba changu kibovu.

Mimi wako,
Nekesa