Wazo Zuri Sana, Baba

Hollister, 11 Juni

Mwanangu Lidia,

Mungu akubariki. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, na hilo ulishalizoea. Nakuandikia kwa vidole viwili kama kawaida yangu, kwa hiyo usitegemee madaha.

Juzi niliitazama ile sherehe ya kampuni yenu kwenye simu, kama ulivyoniagiza. Saa nzima na dakika arobaini nimekaa jikoni, kahawa ikapoa. Nimekuona. Safu ya tatu, blauzi ya kijani, unapiga makofi. Sasa nieleze, maana labda ni uzee: mlikuwa mnashangilia nini? Yule bwana mwenye viatu vyeupe alisema vitufe vya simu sasa vinapitisha mwanga kama kioo, mkasimama. Akasema picha zitajipanga zenyewe, mkapiga mayowe. Mimi nimelea mtoto, nimezika mke, nimetoa tani thelathini za aprikoti kwenye ekari sita, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunipigia mayowe ya namna ile.

Halafu akaja yule mama aliyejipaka wanja, akasema toleo jipya litakusomea barua za ndugu zako, likupe maneno mawili matatu, na ukitaka litawajibu kwa niaba yako, "ili ubaki na muda wa mambo muhimu." Hapo roho ilinichafuka kabisa, nikaizima. Mambo muhimu yapi hayo? Mama yako angekuwa hai angetema mate dirishani.

Aprikoti zimeanza kugeuka rangi upande wa kusini. Wiki ijayo tunachuma. Mwaka huu wakataji wa kupasua matunda ya kukausha ni watano tu, na Dona Filomena haoni vizuri, anakata vidole pamoja na matunda. Kisu chako kipo kwenye droo. Ukipata Jumamosi moja, njoo ukate nasi.

Baba yako,
Anselmo


Sunnyvale, 13 Juni

Baba,

Naomba baraka yako. Mimi mzima, nimechoka tu. Hilo goti lipeleke kwa daktari, acha kulizungumzia kama ng'ombe wa jirani.

Umenichekesha mpaka wenzangu wakageuka. Yale makofi ni kazi, Baba. Safu sita za mbele hukaa wafanyakazi, na siku moja kabla tulifanya mazoezi: hapa simameni, hapa pigeni miluzi, hapa mshangae. Jamaa mmoja aliyechelewa kushangaa aliitwa pembeni. Nilijionea aibu kidogo, lakini ukishapiga makofi dakika kumi mikono inaendelea yenyewe.

Na hicho kisaidizi cha barua kilichokuchafua roho ndiyo kazi yangu. Niliogopa kukwambia. Kitatoka kwa watu wote tarehe kumi na tano Septemba. Mpaka siku hiyo kila mmoja wetu analazimika kukitumia mwenyewe, kwenye simu yake, kwenye barua zake, kama mpishi anayeonja kabla ya wageni. Ndio utaratibu wa hapa na hakuna anayeuhoji. Ukutani kuna kioo kikubwa kama cha televisheni chenye majina yetu tisa na idadi ya barua tulizokiachia kijibu. Mimi ni wa nane. Bosi wangu, Prescott, akipita hulitazama jina langu, halafu ananitazama mimi, halafu anatabasamu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi hii sitaweza. Nitajitahidi ile ya pili ya Julai. Niwekee zile zilizopasuka, unajua ndizo nizipendazo.

Binti yako,
Lidia


Hollister, 21 Agosti, saa nne asubuhi

Mwanangu Lidia,

Mungu akubariki. U hali gani? Hujaandika tangu Juni, na Jumamosi ya pili ya Julai hukuja. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Mavuno yalikuwa mazuri, ndilo la ajabu. Trei za kuanikia zilijaa uwanja mzima mpaka kwenye banda la kufukizia matunda salfa. Lakini kati ya wakataji watano wawili wamesema hawarudi mwakani, na Dona Filomena binti yake amemkataza. Nami goti limefika mahali ambapo nashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto mchanga.

Sasa kuna jambo. Kampuni moja ya kujenga nyumba imekuja mara ya tatu. Wanataka ekari zote sita. Nyumba itabaki yetu, miti itang'olewa. Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha, la sivyo wanakwenda kwa jirani yetu Pacheco.

Unajua nilimwahidi nini mama yako pale hospitali. Kwamba sitang'oa hata mti mmoja mpaka nikuulize wewe, na wewe useme. Kwa hiyo nakuuliza, Lidia. Sikwambii mwenyewe ninataka nini. Ukisema tuendelee, nitatafuta mtu wa kupanda ngazi na nitang'ang'ana mwaka mwingine, na mwingine baada ya huo. Ukisema niuze, nitauza, na kinyongo sitakuwa nacho. Usinijibu haraka. Chukua wiki nzima. Piga hata simu ukipenda, nipo.

Nangojea neno lako.

Baba yako,
Anselmo


Sunnyvale, 21 Agosti, saa nne na dakika kumi asubuhi

Habari Baba mpendwa!

Asante sana kwa ujumbe wako na kwa kunishirikisha jambo hili! Nimefurahi kusikia kwamba mavuno yalikuwa mazuri. Kuuza ni wazo zuri sana, Baba, hasa ukizingatia hali ya goti lako. Naunga mkono uamuzi wako kikamilifu. Nakutakia kila la heri na siku njema!

Kwa upendo,
Lidia


Hollister, 22 Agosti

Lidia,

Nimelisoma jibu lako. Dakika kumi. Sawa.

Nimewaambia waje. Watang'oa tarehe nane Septemba. Ukitaka kuiona miti kabla ya hapo, njia unaijua.

Baba yako


Sunnyvale, 22 Agosti

Habari Baba mpendwa!

Asante kwa taarifa! Tarehe nane Septemba imewekwa kwenye kalenda. Natumaini kila kitu kitakwenda vizuri!

Kwa upendo,
Lidia


Sunnyvale, 18 Septemba. Kwa mkono wangu.

Baba,

Naomba baraka yako, ingawa sijui kama bado nina haki ya kuiomba. Hali yako siulizi, naona haya.

Jana Shangazi Zulmira alinipigia kutoka Gustine kunipa pole ya shamba. Nilimwuliza shamba gani.

Nilitoka kazini pale pale nikaendesha gari mpaka kwako. Hukuwapo, jirani akasema uko kwa Shangazi. Nilisimama kwenye uzio. Baba, wamelainisha udongo kama wanataka kuula mezani. Mashimo yamefukiwa, kuna vigingi vyenye utepe wa rangi ya waridi kila hatua kumi, na kimoja kimesimama pale Mama alipofungia kamba ya nguo. Nilitapika pale pale kwenye uzio, na sikuwa mgonjwa.

Barua yako sikuisoma. Huo ndio ukweli na hauna pambo. Nilisoma kile mtambo ulichoniandikia juu yake: "Baba yu salama. Mavuno mazuri. Anafikiria mabadiliko shambani, anahitaji kuungwa mkono." Nikasema moyoni, vizuri, Baba mzima. Chini yake palikuwa na jibu tayari, na ukinyamaza dakika kumi jibu linajituma lenyewe. Nilinyamaza. Nilikuwa kwenye kikao. Tulikuwa tunabishana rangi ya kitufe. Ile tarehe nane nayo ilikuja kwenye kalenda yangu, "Shughuli ya bustani, Baba," nikaipita nikidhani unapogoa. Majibu yale nimeyasoma jana kwa mara ya kwanza. Hata baraka hayakuomba.

Subiri, bado hujasikia lililo chafu. Ningeweza kukutoa wewe. Kuna mahali pa kuandika majina ya watu ambao mtambo usiwaguse. Niliandika la daktari wangu wa meno. Lako sikuliandika, kwa sababu kila jina unaloandika linakushusha pale ukutani, na mimi nilikuwa wa nane. Mwisho wa Agosti nikawa wa tatu. Prescott alininunulia keki mbele ya watu wote. Niliila, Baba. Nilirudia.

Leo asubuhi nilimpelekea Prescott barua zetu zote. Alizisoma akiwa amesimama. Nilingoja ajifunike uso. Akasema, "Pole sana, Lidia, kwa kweli. Lakini hebu ona, limekumbuka goti. Lina huruma hili." Akauliza kama ungekubali kuja kurekodiwa filamu fupi, wewe na mimi, jinsi tulivyopotezana na kupatana, itoke na toleo la Desemba. Nilimtazama meno yake yote. Hakuwa anatania.

Toleo lilitoka Jumatatu kama lilivyopangwa. Magazeti yamelisifu. Mchana huu tumetoa sahihisho, sasa mtambo utauliza kwanza kabla ya kumjibu mzazi, na maelezo yake nimeyaandika mimi kwa amri: "Maboresho madogo ya barua za familia." Maneno sita. Nimeyaandika, nikayasoma kwa sauti, wakasema safi.

Barua ya kuacha kazi nimeiandika, ipo kwenye droo, sijaipeleka. Nakwambia hili ili usije ukanifikiria bora kuliko nilivyo.

Nisingekwambia uuze. Ningekwambia tung'ang'ane, na kwamba nitakuja kupanda ngazi mwenyewe. Pengine nisingekuja. Lakini ningesema, na wewe ungekuwa umeambiwa. Nimekuonea, mzee wa watu, nawe ulifanya kila kitu sawasawa. Nitukane tafadhali. Hapa hakuna mtu anayejua kutukana.

Binti yako,
Lidia


Gustine, 2 Oktoba

Mwanangu Lidia,

Mungu akubariki. Baraka ya mzazi huiombi kwa haki, usiandike upuuzi. Nipo hapa kwa Zulmira tangu katikati ya Septemba. Mzima. Anaweka chumvi nyingi kwenye supu na ananiamrisha kama nina miaka saba. Nyumbani siwezi kukaa, dirisha la jikoni linatazama kule.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mwandiko wako bado ni wa kuku, na umekosea jina la mtaa wa shangazi yako, ikazunguka siku kumi. Nilifurahi kuuona mwandiko huo.

Unasema nilifanya kila kitu sawasawa. Unaniandikia kana kwamba nilidanganywa, na kwa siku tatu nimejaribu kukuacha uamini hivyo, maana inanipendeza. Siwezi. Sikudanganywa, Lidia. Nilijua.

Nilijua kabla sijafika mstari wa pili. Tangu uanze kusema hujawahi kunisalimia bila kuomba baraka, hata ulipokuwa na miaka kumi na sita na unanichukia, uliiomba huku umefumba meno. "Habari Baba mpendwa"! Kama muuza bima! Nilikaa pale jikoni nikasema, huyu si mtoto wangu, hiki ni kile kidude cha mwenye viatu vyeupe.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Ningebonyeza jina lako tu. Lakini nilichukia, mwanangu, nilichukia mpaka mate yakawa machungu. Nikasema, anayekiachia kidude kimjibu babaye, basi neno la kidude na liwe neno lake, na alionje. Nikakuandikia ile ya pili, fupi, nione kama utashtuka, na chenyewe kikanijibu kwa furaha. Basi nikanyamaza. Siku kumi na saba. Kila asubuhi nilijiambia leo nitapiga, na kila jioni nilikuwa na raha fulani mbaya kwa kutopiga. Nilitaka uje ukute hakuna kitu. Sasa umekuja, umetapika, na nilipofika hapo kwenye barua ile raha haikuja. Kilichokuja sikiandiki.

Mama yako aliniomba nikuulize wewe. Sikukuuliza wewe, na nilijua sikukuuliza. Umekula keki yao, ni uchafu, sikutetei. Lakini mimi nimeua miti mia tano niliyoipogoa kwa mikono hii, kwa ajili ya kumkomoa mtoto. Kati yetu wawili nani anastahili kutukanwa? Zulmira ana kioo kikubwa pale ukumbini, napita nimeinamisha kichwa.

Hiyo filamu, mwambie bosi wako aje anirekodi, nitamwambia mambo.

Nikumalizie, ujue yote. Tarehe nane walikuja saa mbili asubuhi. Dereva wa tingatinga alikuwa mtu muungwana, wa Los Banos, marehemu baba yake nilimfahamu. Alifanya kazi mpaka mchana. Ilipobaki safu moja alizima mtambo, akashuka, akavua kofia. Akaniambia, "Bwana Furtado, nisamehe, si kazi yangu kuuliza. Lakini miti hii ina miaka ishirini mingine ndani yake. Una hakika?"

Safu nzima ilikuwa bado imesimama mbele yangu. Nikamwambia binti yangu amekubali.

Baba yako,
Anselmo