Karani Anaweka Bata Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mbwa aliyebeba kitu mdomoni haonyeshwi mkate! Nimemwambia mkwe wangu hivyo asubuhi, jirani kasikia, na asikie. Karani, mbwa wangu, anatoka kwenye majani na bata wake, kichwa juu kama anapeleka barua ya serikali, na mke wa mwanangu yuko mlangoni anapunga kipande cha mkate. Mbwa afanye nini? Katema bata, kala mkate. Hata mimi ningetema.

Bata mwenyewe si bata. Nimemshona kwa turubai, ndani chupa tupu ili aelee, juu manyoya ya bata wa kweli nimeyafunga kwa uzi. Mzuri kuliko bata wengine niliowaona.

Mkwe kaomba radhi. Halafu kacheka — eti mama, ungemwona uso wake. Nilimwona. Nilicheka baadaye jikoni, peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa meno kapita. Huyu ndiye mwindaji wa bata, ndiye anayemtaka Karani. Sharti lake ni lile lile: Jumamosi ya tarehe 15 kuna mtihani wa mbwa kule kwenye bwawa kubwa. Kwanza nchi kavu, kisha majini. Akifaulu kote kuwili anamchukua, atalala ndani, atakwenda bwawani kila wiki. Akifeli, basi.

Mwanangu naye kasema mbwa wanne nyumbani ni wengi. Daktari asipomchukua, kuna mwenye ghala la mbao anatafuta mbwa wa kufunga getini. Mnyororo! Mbwa wa maji! Ni sawa na kumpa mshonaji jembe. Nimemwambia mwanangu akafunge ulimi wake kwanza.

Marehemu mume wangu alifunza mbwa miaka thelathini na hakuna aliyeishia kwenye mnyororo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini mbwa hakuulizi cheti.

Alhamisi, 6 Machi

Nchi kavu: safi. Nilimficha bata nyuma ya mabanda, hatua mia na kumi, magoti yangu ni mashahidi. Filimbi moja, Karani kakaa. Mkono kulia, kaenda kulia. Kamleta, kakaa mbele yangu, kaniwekea kiganjani. Hajamng'oa hata unyoya. Mdomo laini hivyo unaweza kubeba yai.

Nilijaribu yai. Halikuvunjika. Mkwe kalikaanga.

Majini: aibu. Pale kwenye bwawa letu dogo chini ya nyumba anaruka vizuri, anaogelea vizuri, bata anamshika vizuri. Akitoka tu ukingoni — pu! Anamweka chini, anajikung'uta maji, kisha ananijia mdomo mtupu, mkia unacheza, kama mtu aliyemaliza kazi. Bata kabaki kwenye tope. Na mtihani hautaki hivyo. Bata akigusa ardhi kabla ya mkono wa mwenye mbwa, imekwisha. Ndiyo haki, maana bata aliyejeruhiwa ukimweka chini anakimbia.

Mara kumi na moja leo. Nimesema maneno ambayo sitayaandika.

Jumapili, 9 Machi

Bado. Nimemsifu, nimemnunia. Nimepiga filimbi, nimenyamaza. Mimi kwenye kigoda changu pale juu pakavu, yeye kule chini anatupa bata kama takataka.

Nimemlaumu mkwe. Ni mkate wako ule, nikamwambia. Samaki mkunje angali mbichi, na wewe umemkunja kwa mkate. Katazama bwawa. Mkwe akinyamaza ujue anafikiri, na mimi sipendi.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenye ghala kaja kumtazama Karani. Kampima shingo kwa vidole. Karani kaingia ndani, karudi na ndara ya mwanangu, kampa mgeni mkononi kwa heshima zote. Yule bwana kacheka mpaka kakohoa. Kasema, bibi, huyu, mwizi akija, atamletea viatu avae. Hata hivyo kasema atarudi Jumapili, mtihani ukishapita. Sikumpa chai.

Jumatano, 12 Machi

Leo magoti yalikataa kabisa. Nikamtuma mkwe bwawani na Karani, mimi nikabaki barazani natazama. Mkwe hajui kazi hii. Hakukaa kwenye kigoda, kasimama miguu kwenye tope kama anaosha vyombo. Katupa bata. Karani kaogelea, kamshika, katoka — na akaenda moja kwa moja mpaka mkononi. Kampa. Ndipo kajikung'uta, kamlowesha mkwe toka nywele mpaka vidole. Mara nne hivyo! Mkwe anacheka tu.

Nilishuka, magoti yapende yasipende. Nikakaa kwenye kigoda, nikatupa mimi. Karani kamweka chini.

Mkwe maji yanamchuruzika puani. "Mama, usikasirike," kasema. "Mbwa hana kosa. Anakuogopea gauni lako."

Nikamwambia anyamaze. Halafu nikakumbuka.

Karani alikuwa na miezi mitatu. Siku ya harusi ya mpwa wangu, nimeshavaa, nikasema nimtoe haraka haraka. Kaingia majini, katoka na kijiti chake anifurahishe, kajikung'uta pembeni yangu. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Nikamchapa kwa ndara. Mara moja tu! Tangu siku hiyo mimi nakaa juu pakavu, yeye anajikung'utia mbali, na mimi nawaambia watu: mbwa mwenye adabu huyu, hanichafui. Nikijisifu!

Basi samaki nilimkunja mimi, akiwa mbichi, na nikamkunja vibaya. Nyani haoni kundule.

Nimemwomba mkwe radhi. Kasema hakusikia vizuri, nirudie. Nimemwambia asinipande kichwani.

Ijumaa, 14 Machi

Jana na leo nimesimama kwenye tope. Mara ya kwanza Karani kasita pale ukingoni, bata mdomoni, ananitazama kama anauliza una homa? Kisha kamweka chini, mazoea. Nikatupa tena. Jana mara sita: mbili mkononi, nne chini. Leo mara sita: tano mkononi, moja chini.

Ile moja ni mimi tena. Nilifumba macho kabla maji hayajanifikia, nikakunja uso. Kaona. Mbwa huyu anasoma uso wangu kuliko mimi ninavyosoma gazeti.

Mkwe kanipigia pasi gauni jeupe la kesho. Kalishona mwenyewe. Nimesema kola imepinda kidogo. Haijapinda.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia kwenye gari la mwanangu. Nchi kavu amefaulu! Mkaguzi, bwana wa miwani, kaandika mistari mitatu na kuitikia kwa kichwa. Daktari wa meno kanionyesha meno yake yote. Mwenye ghala naye hakungoja Jumapili, yuko, kasimama peke yake, mikono mfukoni. Sijui mfukoni mna nini, labda mnyororo.

Nimemuuliza mkaguzi majini nisimame wapi. Popote nyuma ya kamba, bibi, kasema, na wazee tumewawekea viti kule juu kivulini. Kamba nimeiona. Hatua mbili toka majini, tope tupu.

Mkwe kaniletea koti la mvua. Nimekataa. Karani hajawahi kuniona ndani ya koti, atajua naogopa. Mkwe kalitazama gauni alilonishonea, kanitazama mimi, kasema tutalifua, mama.

Wanaita mbwa wa saba. Sisi ni wa nane. Karani anatetemeka, mimi pia, ila mimi nasingizia umri.

Haya, bibi wewe. Funga daftari. Vua viatu. Vipite viti vyao, nenda kasimame kwenye tope, nyoosha mikono yote miwili. Na maji yakija, usifumbe macho.