Kiti cha Mama Pale Mapokezi

Ersilia, uko wapi? Mwenzio nimejifungia chooni hapa maktabani, kazini kwa Mama.

Leo si ndiyo tulikuwa tunamuaga Mama anastaafu. Nimeingia na trei ya keki za babà, nacheka mpaka gego la mwisho.

Mama akasimama. "Siendi popote! Nimesaini asubuhi, nimeongeza miaka miwili. Nina binti nyumbani, miaka thelathini na mbili, hana kazi. Nani atamlisha?"

MIAKA MIWILI!

Watu wakapiga makofi. Wote wananitazama mimi na trei yangu.

Ersilia, ni kiti kile kile. Mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha ya waliofaulu mtihani wa kuchukua nafasi yake, na orodha yenyewe muda wake unakwisha Desemba hii. Sikumwambia. Unajua kwetu Napoli, jambo likitajwa mapema linaingia nuksi. Miezi minane nimeufyata ulimi.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili liharibike?"

Miaka miwili, jamani.

Sasa anagonga mlango. "Toka ule, mwanangu. Usiogope kitu, mimi nipo."

Sitamwambia. Na wewe usije ukamwambia.