Nitamwambiaje Mke Wangu Kwamba Tumbo Limechoka?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nimekwama, naomba unishike mkono. Mimi ni fundi viatu, figo zangu zilikufa miaka sita iliyopita, na tangu hapo mama watoto ndiye anayenisafisha damu hapa hapa nyumbani, mara nne kwa siku, anatia maji ya dawa kwa mpira ulio tumboni, baadaye anayatoa na uchafu wake, na huyu ni msusi, Shangazi, ana wateja wa foleni, lakini saa ikifika anaacha kichwa nusu, anakimbia nyumbani, ananawa mpaka viwiko, anafunga dirisha, anavaa barakoa, na miaka yote hiyo tumbo halijapata maambukizi hata mara moja, Mungu ampe nini zaidi! Sasa mwezi huu maji yanaingia lita mbili, yanatoka pungufu, miguu imevimba, nikaenda kliniki peke yangu, daktari akasema utando wa tumbo umechoka, hauvuti tena maji, nihamie mashine ya hospitali. Wiki ya pili hii sijamwambia. Akipima maji ananiuliza, "Kwani nimekosea wapi, baba?" nami namdanganya eti nimezidisha chai. Naogopa atajiona ameshindwa. Nifanyeje?

Mume mwenye shukrani

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenitoa machozi, kisha ikanipandisha hasira. Eti chai! Mtu mzima na ndevu zako! Unadhani unamlinda, kumbe kila siku anajihukumu kwa kosa ambalo hakulifanya, na wewe unazidi kujaa maji.

Sikiliza. Wengine njia hii huwakatalia mapema: vijidudu vimeingia, au mpira umehama ama umeziba. Kwako sivyo. Maji yale ya dawa yana sukari, na ikigusa utando miaka nenda rudi huweza kuuchosha, hata anayekuhudumia awe malaika.

Leo hii funga kibanda, mfuate saluni, mwambie ukweli wote. Kesho asubuhi nendeni kliniki pamoja, amsikie daktari kwa masikio yake, na mpange siku ya kuanza mashine. Pumzi ikikubana kabla ya hapo, usingoje kesho, kimbilia hospitali.

Halafu nikuulize. Shukrani zote hizi umeniandikia mimi, nisiyekujua hata sura. Yeye umewahi kumwambia? Basi anza na hizo.