Mkono wa Pili

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na goti lako limetulia. Sisi huku wazima, ila Bwana Mkubwa anaota meno na mtaa mzima unajua.

Mama, maji yamenifika shingoni. Dada wa kazi ameondoka. Amepata kazi dukani, anauza viatu, na siwezi kumlaumu. Lakini ameniacha pabaya. Wiki iliyopita nilikwenda na mtoto kazini, nikamlaza chini ya meza kwenye boksi la fremu za miwani. Alipolia, mteja mmoja akauliza kama na watoto tunauza. Bosi hakucheka. Amesema mpaka mwisho wa mwezi, ama niwe na mtu wa kukaa na mtoto, ama nimpishe mwingine kwenye mashine ya kukata vioo. Mama, unajua nilivyohangaika kuisomea ile mashine.

Njoo ukae nasi, hata mwaka mmoja. Chumba kipo. Najua umeanza kazi kule kiwanda cha mikate, lakini ile si kazi ya kuifia, ni ya kupitisha muda tu. Mkono mmoja haulei mwana.

Mkwe wako anakusalimu.

Bintiyo


12 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti linauma likijisikia. Baba yako yupo na gazeti lake, anakusalimu.

Nimeona umepiga simu mara nyingi. Sikupokea, na nilifanya makusudi. Ukinipigia utalia, na mimi nikikusikia unalia nitasema ndiyo, kisha nitaijutia hiyo ndiyo mpaka nizikwe. Kwa hiyo tuandikiane.

Jibu ni hapana.

"Kupitisha muda." Maneno hayo niliyasoma nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Muda upi, mwanangu, ambao mimi niliwahi kuwa nao wa kupitisha? Niliwalea ninyi. Nikamuuguza mama wa baba yako mpaka akafariki. Nikawalea watoto wa kaka yako. Sasa nasimamia tanuri. Mikate ikiungua naulizwa mimi, ikitoka vizuri nasifiwa mimi, kwa sauti, mbele za watu. Nina kabati langu pale, lina kufuli, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Ndani hamna cha maana, ni kandambili na kopo la mafuta ya kujipaka. Lakini katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipa mlango wa kuufunga.

Mkono mmoja haulei mwana, kweli kabisa. Sasa wewe umejaza ukurasa mzima, na mumeo yumo mstari mmoja tu, ananisalimu. Huyu mwalimu anatoka shule saa nane mchana. Anakwenda wapi? Mkono wa pili wa mtoto huyu ni wake, si wangu.

Mbusu Bwana Mkubwa.

Mama yako


16 Machi

Mama,

Shikamoo. Afya yako naamini ni njema, maana mgonjwa hana nguvu za kuandika maneno kama yale.

Anakwenda uwanjani. Anafundisha timu ya shule mpira, kila siku, mpaka magharibi. Halipwi, anasema ni wito. Kazini kwetu kuna zamu ya mchana, inaanza saa tisa, ningeweza kuiomba yeye akiwa nyumbani, lakini timu ina mashindano. Mwanamume akishasema ana wito nifanyeje, nimfunge kamba? Usinifundishe ndoa. Wewe Baba umempelekea maji bafuni tangu sijazaliwa, leo umevishwa kofia ya kiwandani umekuwa mwanaharakati!

Watoto wa kaka uliwalea. Wangu ana kasoro gani? Mwenzangu pale kazini, mama yake aliacha shamba na mbuzi akaja. Wewe unachagua mikate. Nikifukuzwa, ujue umenifukuza wewe. Na mtoto huyu akikua nitamwambia: bibi yako alikuwa hai, alikuwa na nguvu zake, na alikataa.

Kama huji, usinijibu.

Binti yako, kama bado unaye


21 Machi

Binti yangu,

Marahaba, ingawa ile shikamoo yako ilikuwa na meno makali kuliko ya mwanao.

Nimelia, kama ulitaka kujua. Nimelia kazini, nikaunguza trei nzima, nikaulizwa.

Umetaka mzazi. Haya, mtoto akililia wembe mpe. Jumamosi mzazi wako atashuka stendi na basi la asubuhi. Nenda ukampokee, ana mzigo.

Mama yako


29 Machi

Mama!

Leo sikuamkii.

Nimefua mashuka. Nimeazima godoro kwa jirani kwa ajili ya goti lako. Nimekwenda stendi na mtoto mgongoni, moyo mweupe kabisa, najiambia mama ni mama. Anashuka Baba! Na sanduku, na redio, na gazeti kwapani. Ananiambia, "Mama yako kasema nije kulea." Nikamtazama, akanitazama, kondakta akatutazama wote wawili.

Unanidhihaki mimi au unamdhihaki yeye? Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, Mama. Shule nzima ilikuwa inanyamaza akikohoa. Hajawahi kuchemsha hata maji. Juzi kamvalisha mtoto nepi juu ya suruali. Uji kaupika, ungeweza kuziba nao nyufa za ukuta. Kazini nakwenda, lakini roho iko juujuu, nimeshakata vioo vya mteja mmoja vibaya.

Na ile aibu! Mzee wa watu, nyumbani kwa mkwewe! Jana mume wangu kapita kuchukua viatu vya mpira, kamkuta Baba kachutama uani, mikono ya shati kakunja, anafua nepi. Kasimama mlangoni hajui aingie au atoke. Nimeona haya mpaka nikashindwa kula.

Mrudishe. Leo hii.

Bintiyo


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Baba hajambo, kakonda kidogo, na uji wake sasa unanyweka. Hukunijibu. Najua barua ilifika.

Nikueleze yaliyotokea, maana nina hasira na sina pa kuipeleka.

Siku ile ya nepi, nilipokwisha kulala, kumbe mume wangu alimfuata Baba akamwambia, "Mzee, tafadhali, acha hizo nguo." Baba akamjibu, "Nimwachie nani, mwanangu? Mchana mkeo yuko kazini, wewe uko uwanjani, mimi ndiye niliyepo." Kwa upole tu, kama anamfafanulia mtoto hesabu. Kesho yake mume wangu akarudi mchana, akachukua beseni. Keshokutwa vilevile. Wiki haijaisha, timu kamwachia mwalimu mwenzake, mashindano na wito wake vyote. Mimi nimehamia zamu ya mchana. Bosi kakubali, mashine imebaki yangu. Jirani kaniambia nina bahati, wanaume kama huyu hawapatikani.

Ulijua, Mama. Ulijua kwamba wewe ungezifua nepi zile mwaka mzima naye asingekuona, maana bibi akifua ni kawaida yake. Kazi yangu imepona, na ahsante. Lakini miezi yote ile, dada wa kazi akishakwenda kwao jioni, alikuwa ananikuta mimi nimechutama palepale, beseni lilelile, nimetoka kazini, mtoto mgongoni analia, ananipita anauliza chakula kiko wapi. Baba kachutama mara moja, nyumba nzima imebadilika! Mimi nilikuwa nani pale uani? Kila akishika lile beseni natamani nimnyang'anye nimmwagie. Na kila mtu ananiambia nishukuru.

Nakuandikia wewe kwa sababu nikikaa nayo nitapasuka.

Bintiyo


20 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, nyumba kimya, nakula nikitaka. Mwambie baba yako asiharakishe. Na akirudi, kwa kuwa nepi ameziweza, huku kuna mashuka.

Ndiyo, nilijua. Nilitumia aibu kwa sababu huruma niliingoja miaka mingi sikuiona ikija.

Hilo swali lako, kwamba ulikuwa nani pale uani, na mimi niliwahi kujiuliza nikiwa na umri kama wako. Nikanyamaza. Watu wakanisifu sana kwa uvumilivu, na sifa hizo hazikunisaidia kitu.

Ila hasira hii umeikosea mlango. Mimi umenitukana mwezi mzima, na umenitukana vizuri, hukubakiza. Ulithubutu kwa sababu unajua hata ukinitukana nitabaki mama yako. Yeye hujamwambia neno. Huna hakika kama atabaki, na mimi pia sina, siwezi kukudanganya.

Barua yako hii ya mwisho naikunja, naitia humu ndani ya bahasha. Sijaichana wala sijaongeza neno. Pale juu ulipoandika Mama, futa, andika jina lake, kisha umpe akiwa na beseni mkononi.

Mama yako