Nani Abonyeze Kitufe cha Mume Wangu?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie haraka maana Jumamosi haiko mbali, mume wangu amefariki na siku hiyo mwili wake utachomwa moto kama alivyousia, hilo sina ubishi nalo, shida yangu ni kitufe. Marehemu alikuwa fundi umeme na katika ndoa yetu yote sikuruhusiwa kugusa kitu chenye waya, taa ikiungua nilikaa gizani nikimsubiri, hata pasi alinichomekea yeye, na nikinyoosha mkono tu nasikia, "Bosi, toa mkono, umeme hauna mchezo." Jana nimekwenda na wifi yangu, dada yake marehemu, kuangalia ukumbi wenye tanuri, mhudumu akatuonyesha kitufe cha kijani ukutani, akasema mke ndiye hukibonyeza jeneza liingie ndani, nikanyoosha mkono nione kama nakifikia, nikamsikia kabisa marehemu akinifokea, nikaurudisha mbio. Mhudumu akasema, "Mama, hakina shoti." Wifi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Wifi, wewe hata pasi ulikuwa unachomekewa, niachie mimi nibonyeze." Halafu kifuniko cha hicho kitufe kimelegea, marehemu akikiona atashuka kwenye jeneza atafute bisibisi. Mshauri, nikibonyeza naona kama namfukuza, nisipobonyeza nitasimama pale kama mgeni kwenye msiba wangu mwenyewe. Bado nampenda. Nifanye nini?

Mjane wa Fundi

Mjane wa Fundi, pole sana, na sasa nisikilize. Acha kumsingizia marehemu. Alikukataza nyaya, hakukukataza kumuaga. Wala humfukuzi, dada yangu, ameshakwenda. Unachoogopa si umeme, ni kusema kwaheri, na hilo hakuna wa kukusemea.

Wifi yako mpe heshima yake, naye kafiwa, na wengine msibani hucheka ili wasilie. Lakini kitufe usimpe. Mwambie kwa upole, "Wifi, huyu nitamsindikiza mwenyewe, wewe nishike mkono." Akinuna, anune Jumapili. Kuhusu kifuniko, mpigie mhudumu simu leo akikaze. Akikuambia hana bisibisi, mpelekee, nyumba yako imejaa.

Siku yenyewe omba ubaki peke yako na jeneza kabla watu hawajaingia. Mwambie yote, hata yale yaliyokuudhi, usimwonee haya. Mwite lile jina ulilomwita mkiwa wawili chumbani, umuage. Wakiingia, bonyeza mara moja, tena kwa nguvu. Na jeneza likishaingia ndani, usikimbilie kuuliza kama viti vya wageni vinatosha. Kaa chini ulie.