Ubao wa Mikono Miwili

Shikamoo Bi Chausiku, nakuomba msaada maana nimejiponza kwa ulimi wangu mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi kutoka Unguja, nasomea ushonaji wa viwandani hapa Guangzhou, na sasa niko mazoezini kwenye karakana ya nguo huko Kangle, na humo kuna ubao mkubwa uliounganishwa na kompyuta, unatandaza juu yake karatasi ya kukatia gauni, mkono wa kulia unapitisha kipanya chenye kioo pembezoni mwa karatasi, wa kushoto unabonyeza vitufe, hapa kona, hapa mviringo, na umbo lote linatokea kwenye skrini, na dada mmoja aitwaye Xiaoling akiketi hapo, wallahi Bi Chausiku, mikono yake inavyosikilizana nasahau hata kula. Naipenda kazi ile kupita kiasi. Lakini bibi aliyenilea alinifunza kwa fimbo kwamba kushoto ni kwa msalani tu, kwa hiyo nikifika ubaoni naukalia mkono wa kushoto, natumia wa kulia peke yake, na nikiachia kipanya nibonyeze kitufe kinateleza, mstari unapinda. Laoban, mama mwenye karakana, akaniuliza, "Mkono unakuuma?" nami kwa aibu nikasema ndiyo. Sasa Xiaoling ananiletea dawa ya kuchua kila asubuhi, na Jumamosi laoban atachagua mmoja wa kufundishwa ubao, na mimi mgonjwa nitapelekwa kukunja nguo. Nifanye nini nisimvunjie bibi heshima?

Hasna, Guangzhou, 2006

Marahaba Hasna. Pole mwanangu, lakini huoni haya kuletewa dawa ya mkono usiouma?

Bibi yako alikufunza kula na watu, na alifanya vyema. Ubaoni hapo hakuna anayekula. Ukitia udhu unaosha mikono yote miwili, na ukisujudu viganja vyote viwili viko chini, sijasikia ukikikalia kimoja. Na huyo Xiaoling nimempenda bila kumwona. Fundi wa namna hiyo, mwenye moyo wa namna hiyo, halafu unamdanganya!

Kesho fika kabla vyerehani havijawashwa. Mrudishie dawa yake, muombe radhi, kisha mweleze laoban ukweli wote, hata habari ya fimbo. Waombe ubao kila mchana wenzio wakilala kidogo baada ya chakula, ufanye mazoezi. Watakucheka. Wacha wacheke.

Jumamosi weka mikono yote miwili kazini. Laoban akimchagua mwingine, iwe ni kwa sababu amekushinda kazi, si kwa sababu ulijilemaza mwenyewe.